Neno "sayari" lina maana gani hasa? Mwanangu kaniuliza, nimeshindwa kumjibu

Mama Idi

Assalam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni mchuuzi wa samaki, nanunua pale Deep Sea hapa Tanga. Alfajiri nyingi za maisha yangu nimezimalizia ufukweni nikisubiri vyombo viingie. Marehemu baba alikuwa nahodha, na yeye ndiye aliyenionyesha Ng'andu nikiwa mdogo, ile nyota kubwa nyeupe inayolitangulia jua. Alikuwa akisema, "Ile si nyota ya kukaa. Ile ni msafiri." Sikumuuliza zaidi. Nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Sasa yamenirudia. Idi, mwanangu wa darasa la tano, alipewa kazi ya Maarifa ya Jamii: eleza maana ya neno sayari. Akaandika, "Sayari ni nyota inayosafiri." Ni maneno ya babu yake, nimempa mimi. Akakosa. Akaandikiwa kwa kalamu nyekundu kwamba sayari ni gimba kubwa linalozunguka jua. Sibishani na jibu hilo, naamini ni la kweli. Lakini mtoto karudi nyumbani na lake: "Mama, hiyo ni kazi inayofanywa na sayari. Neno lenyewe limetoka wapi? Kizibo najua kinaziba, ufunguo najua unafungua. Sayari inafanya nini?" Nikabaki kimya na beseni langu la vibua.

La pili ni orodha aliyonakili kwenye daftari: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Sarateni, Kausi. Baba alikuwa akitaja Utaridi. Sikumsikia hata siku moja akitaja Zebaki juu mbinguni. Zebaki mimi naijua ile ya kwenye kipimajoto na ile ya wachimba dhahabu. Na Kausi, je, si ile anayoitaja mnajimu akikutazamia nyota yako? Imekuwaje ikaingia hapa?

La tatu ni langu mwenyewe. Tangu mwezi wa kumi mpaka mwisho wa mwaka Ng'andu ilikuwa inatuwakia kila alfajiri, mpaka unauona mwanga wake umelala juu ya maji. Sasa ni Februari 2021, siioni. Nimeuliza wavuvi wawili, kila mmoja ana lake. Imekwenda wapi?

Naombeni msaada, na mniandikie kwa namna ambayo nitaweza kumsomea mtoto.

Zena wa Raskazoni

Wa alaykum salaam Mama Idi. Mimi nina kipande kimoja tu cha jibu.

Nilifanya kazi za nyumbani Muscat miaka minne. Neno la kwanza kulizoea pale lilikuwa *sayyara*, yaani gari. Kila asubuhi utasikia sayyara iko mlangoni, sayyara ioshwe, sayyara ya watoto imechelewa. Nikawa najiuliza gari na Mirihi vinahusiana nini. Siku moja nikamuuliza mpishi tuliyekuwa naye, mama wa Kisudani, akanieleza kwamba kwa Kiarabu *sara* ni kwenda, kushika njia, na sayyara ni kitu kiendacho, kisichotulia. Walipokuja na motokaa wakalichukua neno hilohilo la zamani wakaipa.

Kwa hiyo marehemu baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakutafsiria neno. Msafiri. Yaliyobaki nawaachia wenye elimu yao.

Ustadh wa Makorora

Mama Idi, nilifundisha miaka ishirini na saba, skuli asubuhi na chuoni jioni, na hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali la Idi. Mpe salamu zangu.

Bi Zena amesema kweli. Mimi nitakuonyesha neno lenyewe mahali ambapo bila shaka mmeshalipitia bila kulitambua. Fungueni Surat Yusuf. Ndugu zake wamekwisha kumtumbukiza kisimani, na aya ya 19 inaanza, *wa jaat sayyaratun*: ukaja msafara. Watu wale wa njiani, waliomtuma mchota maji wao akateremsha ndoo na kumtoa Yusuf, ndio *sayyara*. Na katika sura hiyohiyo, aya ya 4, Yusuf ameota nyota kumi na moja, na nyota pale ni *kawkab*.

Sasa yaunganishe maneno hayo mawili. Wataalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota, walioandika kwa Kiarabu walizigawa nyota mafungu mawili. Nyingi mno walizikuta zimeshikana mahali pake: zinachomoza na kuzama zote pamoja, lakini umbali kati ya moja na nyingine haubadiliki, baba akifa mwana anazikuta vilevile. Hizo wakaziita *thabita*, zilizothubutu mahali pamoja. Chache walizikuta kila wiki ziko mahali pengine katikati ya zile za kukaa. Hizo wakaziita *al-kawakib as-sayyara*, nyota ziendazo. Sisi Waswahili tukalipokea jina hilo, tukaliacha "nyota", tukabaki na "ziendazo". Ndiyo sayari.

Kwa hiyo neno kwa neno, "nyota inayosafiri" ndiyo tafsiri yake, herufi kwa herufi. Kalamu nyekundu ilikuwa inaulizia kitu, na Idi alijibu kuhusu jina. Mwambie ayaandike yote mawili, moja chini ya jingine, kwa sababu leo tunajua kwamba sayari haiwaki yenyewe kama nyota, inapokea mwanga wa jua na kuurudisha, na Dunia yetu nayo ni mojawapo. Wazee hawakulijua hilo. Walichokuwa nacho ni macho na subira ya kutazama, na jina walilotoa linaeleza walichokiona, si zaidi.

Wagiriki walifika hapohapo kwa njia yao. Neno lao *planetes*, ambalo Wazungu wanalo mpaka leo, ni mwenye kutangatanga. Na kwa kuwa hesabu ilikuwa ya vitu vinavyotembea, jua na mwezi navyo viliingizwa. Zikawa saba: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Dunia haikuwamo, maana nani aliyewahi kuiona ikitembea?

Iko aya nyingine ambayo kila nikiisoma nasimama. Surat at-Takwir, 15 na 16: *al-khunnas, al-jawari al-kunnas*. Zirudizo nyuma, zikimbiazo, zijifichazo. Wafasiri wengi wamesema ni zile tano, Zohali na Mshtarii na Mirihi na Zuhura na Utaridi. Na kweli kila moja ya tabia hizo tatu unaweza kuiona kwa macho. Kukimbia ndiko huko kwenda. Kurudi nyuma, chukua mfano wa Mirihi: inamaliza mzunguko wake kwa siku 687, sisi kwa siku 365, kwa hiyo kila baada ya miezi kama 26 tunaipita. Wewe umeona boti ya injini ikiipita ngalawa. Ukiwa ndani ya boti, ukaitazama ngalawa na mikoko ya ng'ambo nyuma yake, utaiona kana kwamba inarudi kinyumenyume, ingawa matanga yake yamejaa. Mirihi hufanya hivyo wiki kadhaa, kisha hushika tena njia yake.

Na kujificha ndilo jibu la Ng'andu yako. *Kunnas* limetokana na paa anayeingia katika maficho yake kichakani. Ng'andu, yaani Zuhura, iko karibu na jua kuliko sisi, kwa hiyo haiwezi kwenda mbali nalo. Hutaiona utosini usiku wa manane hata siku moja. Hukaa miezi upande wa alfajiri, halafu huingia katika mwanga wa jua, hupotea, kisha hutokea upande wa jioni. Sasa hivi inazunguka kwenda nyuma ya jua. Haijapatwa na lolote. Watu wengi wa kale walidhani ni nyota mbili, moja ya asubuhi na moja ya jioni.

Nakuja kwenye orodha, nayo imenisikitisha kwa sababu si daftari la Idi peke yake, nimeyaona hayo mara nyingi. Utaridi ndilo jina. Wazungu huita sayari hiyo na ile madini inayotiririka kwa jina moja, la mungu mmoja wa Warumi, basi mtu anayetafsiri kutoka kwao bila kuuliza huangukia kwenye madini. Kwetu yalikuwa majina mawili tangu asili, Utaridi wa angani na zebaki ya chupani. Hakukuwa na haja ya kuyachanganya.

Sarateni na Kausi ni buruji. Umehisi sawasawa. Saratani ni kaa, Kausi ni upinde wa mpiga mshale, nazo ni makundi ya nyota za kukaa, mbili katika zile kumi na mbili: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akrabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Hizo ni vituo, na sayari ni wasafiri wanaopita vituoni. Kumwita msafiri kwa jina la kituo ni kama kumwita abiria Segera kwa kuwa basi lilisimama Segera.

Nadhani kosa lilianzia kwenye nafasi mbili zilizokuwa wazi. Wazee hawakutuachia jina la sayari ya saba wala ya nane, maana hawakuzijua. Ya saba iliitambua darubini ya William Herschel kule Uingereza mwaka 1781. Ya nane ilipatikana Berlin mwaka 1846: Mfaransa Le Verrier alikuwa amepiga hesabu ya mahali inapopaswa kuwa, na Galle akaelekeza darubini akaikuta. Mtu akitafuta majina yenye sauti ya Kiarabu kujaza nafasi hizo, buruji ziko karibu. Lakini Uranusi na Neptuni zinatosha, zinatamkika, na hazimpokonyi mtu jina lake. Orodha ya Idi iwe hivi: Utaridi, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Mshtarii hutaisahau wewe, ina sauti ileile ya mshitiri, mnunuzi.

Mwisho, kazi ya kufanya, maana neno hili halikutungwa ofisini. Saa tatu usiku tokeni nje, mtazame magharibi kuelekea kaskazini. Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana, mnakijua. Chini yake, kushoto kidogo, iko nyota nyekundu. Ndiyo Mirihi. Juu zaidi kushoto kuna nyekundu nyingine. Hiyo ni ad-Dabaran, maana yake mfuasi, kwa kuwa inakifuata Kilimia, nayo ni nyota ya kukaa. Idi achore Kilimia na hizo nyekundu mbili kwenye daftari, kila siku ya tatu au ya nne, kwa wiki tano. Asiamini maneno yangu wala ya babu yake mpaka amechora.

Baharia Mstaafu

Mama Idi, kama baba yako alikuwa nahodha wa Tanga huenda nimekula naye chungu kimoja. Mungu amlaze pema.

Niongeze la baharini. "Si nyota ya kukaa" ilikuwa amri ya kazi. Sisi tulikuwa tunabeba saruji kwenda Wete. Wete iko mashariki ya Tanga moja kwa moja, karibu kilomita 70. Msimu wa kusi, mwezi wa nane, ukitoka usiku, kwenye saa nane hivi zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja zinachomoza mbele ya omo. Zinachomoza mashariki barabara, mwaka huu na mwaka ujao na siku zote. Unazishika hizo, unaelekeza chombo kusini kidogo kwa sababu mkondo unakusukuma kaskazini usiku kucha, unaifikia Pemba.

Mwaka wangu wa kwanza usukani, Mshtarii ilichomoza pamoja na zile tatu, kubwa, imetulia, haimetimeti, inapendeza kuliko zote. Nikamwambia nahodha, mimi nitaishika hii. Akanikataza. Mwaka uliofuata, mwezi uleule, safari ileile, nyota tatu zilitoka kwa wakati wake, akaniambia mtafute rafiki yako. Hayupo. Ilichomoza saa mbili baadaye. Akasema, umeiona? Hii inatembea, na mwakani itachelewa zaidi. Tangu siku ile sijahitaji mtu kunieleza tofauti ya nyota na sayari.

Watu wakiandika habari za mabaharia hutaja nyota ya jaa. Ni kweli hiyo haibanduki kaskazini. Lakini kwetu Tanga haionekani, tuko kusini ya ikweta, imezama chini ya upeo wa macho. Mimi niliiona nilipokwenda mpaka Mukalla, na hata huko haikuwa juu. Mwenye kutaka kumwonyesha mtoto nyota ya jaa kutoka Tanga atamwonyesha nyingine.

Kijana wa Chumbageni

Shikamooni. Mimi nilisoma kwamba sayari ni tisa, na Pluto ilikuwamo. Ustadh ametaja nane. Imeondolewa lini, na kwa kosa gani?

Ustadh wa Makorora

Marahaba mwanangu. Mwaka 2006, Agosti, katika mkutano wa wanafalaki wa dunia uliofanyika Prague. Waliweka masharti matatu: gimba lilizunguke jua, liwe na uzito wa kutosha kujivuta lenyewe likawa duara, na liwe limeisafisha njia yake, lisigawane njia na magimba mengine ya kiasi chake. Pluto, iliyopatikana mwaka 1930, imetimiza mawili na kushindwa la tatu, maana iko katikati ya kundi kubwa la wenzake wa barafu. Sasa inaitwa sayari kibete. Lakini tazama neno letu: Pluto bado inakwenda. Kwa maana ya Surat Yusuf hakuna aliyeifukuza kwenye msafara.

Mama Idi

Nimerudi, wiki tano zimetimia. Samahanini kwa kimya.

Tumechora mara kumi na moja. Usiku wa kwanza niliogopa kwamba tumekamata nyekundu isiyo yenyewe, tukaziweka zote mbili kama ustadh alivyosema. Mirihi ilikuwa chini ya Kilimia, kiasi cha ngumi moja nikinyoosha mkono. Mchoro wa pili sikuona tofauti, nikanyamaza nisimvunje moyo. Mchoro wa tatu Idi akasema imesogea, mimi nikasema bado. Tukabishana. Wa nne sikuwa na la kusema.

Mwanzo wa Machi ilikifikia Kilimia, ikapita ubavuni kwake upande wa kushoto, karibu mpaka unaziona zote ukikunja macho. Bibi yake Idi, mama mkwe wangu, naye alitoka na kanga kichwani akakaa kwenye mkeka. Yeye Kilimia anakijua kwa kilimo tu, akatusomea ule usemi, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kwa muda wote aliokitazama maishani, alisema, hakuwahi kujua kwamba kuna kinachokipita njiani.

Juzi imefika juu yake kabisa, iko usawa mmoja na ile ad-Dabaran, moja kushoto, moja kulia, nyekundu zote mbili. Ad-Dabaran haikusogea hata unywele. Nimezilinganisha karatasi zote kumi na moja kwa kuziwekea taa nyuma: Kilimia juu ya Kilimia, ad-Dabaran juu ya ad-Dabaran, na Mirihi imekuwa mstari wa vidoa kumi na kimoja, kama nyayo.

Nilikaa na karatasi zile muda mrefu baada ya mtoto kulala. Miaka yote niliyosimama pale ufukweni, baba alikuwa ameshaniambia.

Mawingu ya masika yameanza, jana hatukuona kitu. Idi ameandika tarehe na kuacha karatasi tupu. Hataki kuichana. Sasa anauliza Ng'andu itatokea jioni lini, na atasimama wapi aione. Ustadh, nijibu.

Ustadh wa Makorora

Mwisho wa Mei, mara tu baada ya adhana ya Magharibi, chini sana upande jua lilipozamia. Deep Sea mmezoea kuitazama upande wa mashariki, safari hii mgeuke. Upande wa bara kuna minazi na mapaa ya watu, kwa hiyo tafuteni uwanja mpana, na msichelewe, siku za mwanzo itakaa kidogo tu kabla haijazama. Kila wiki itapanda. Karatasi ile tupu aiweke pamoja na nyingine.